Kwaya Haikuwekwa Wakfu Kumsifu Mgeni Rasmi

Katika sharika zetu za Bukoba na Muleba kuna sentensi moja inayofunga mjadala wowote: "Hapa ni kanisani, tusichanganye dini na siasa." Wazee wa kanisa huitamka, walimu wa kwaya huitamka, na wakati mwingine wachungaji nao huitamka, na wote husikika kama watu wenye hekima. Ninaandika makala hii kuipinga. Siipingi kwa sababu napenda kampeni mimbarini. Naipinga kwa sababu si ya kweli. Siasa imo kanisani siku nyingi. Imepewa kiti cha mbele, imevishwa shada la maua, na kwaya imeiimbia.

Angalieni uzinduzi wa albamu ya kwaya unavyoandaliwa. Kamati huundwa, na kazi ya kwanza ya kamati ni kumtafuta mgeni rasmi. Mgeni rasmi atakuwa mbunge, au mtu anayetaka kuwa mbunge, au mkuu fulani, au mfanyabiashara mwenye mkono mrefu. Mwalimu wa kwaya hutunga wimbo wa kumpokea, na jina lake hurudiwa katika kiitikio. Risala husomwa, nayo huanza kwa kumshukuru kwa mambo ambayo hajayafanya bado. Akiahidi kinanda na spika, vigelegele husikika hadi barabarani. Siku hiyo hakuna mzee anayesimama na kusema kwamba tumechanganya dini na siasa.

Sasa vijana wa usharika uleule waandae igizo. Nalijua igizo moja la namna hiyo, katika usharika ambao sitautaja, upande wa Muleba. Vijana waliigiza habari ya butura. Baba ana mtoto mgonjwa, kahawa bado ni maua mtini, na mnunuzi anakuja jioni na fedha kidogo mfukoni. Baba anatia dole gumba kwenye karatasi. Msimu ukifika, kahawa inachumwa na mwingine, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ni jambo ambalo kila mtu katika usharika ule analijua, na serikali yenyewe imelipiga marufuku. Wazee wakaomba mnunuzi aondolewe katika igizo. Sababu waliyoitoa ni kwamba igizo lina siasa. Sababu ambayo hawakuitoa ni kwamba mnunuzi wa namna hiyo alikuwa amechangia mabati. Igizo likachezwa bila mnunuzi, na somo lake likawa kwamba baba yule hakuwa na imani ya kutosha.

Hapo ndipo palipo na ubishi wangu. Wimbo unaomsifu mwenye nguvu tunauita shukrani, na wimbo unaomtaja aliyeonewa tunauita siasa. Basi tuseme wazi kwamba tumeshachagua upande, na upande tuliouchagua si ule wa baba aliyetia dole gumba.

Manabii waliigiza

Wapo wanaodhani kwamba sanaa ya kukemea uonevu ni mtindo wa vijana wa siku hizi. Wafungue Biblia. Nathani hakumwendea Daudi na hotuba. Alimpelekea kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake kabla hajajua kwamba mhusika ni yeye. Hezekieli alilala ubavu mmoja siku nyingi mbele ya watu, akiigiza kuzingirwa kwa Yerusalemu. Yeremia alinunua gudulia, akalivunja mbele ya wazee na makuhani, akasema mji utavunjwa vivyo hivyo. Kilichomfuata tunakisoma katika sura ya 20: Pashuri, kuhani aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Mungu, aliamuru apigwe na kufungwa kwenye mkatale. Zingatieni kwamba aliyemfunga Yeremia kwa sababu ya igizo lake hakuwa askari wa mfalme. Alikuwa mtu wa hekaluni.

Amosi naye alifukuzwa Betheli na kuhani Amazia, kwa hoja kwamba Betheli ni patakatifu pa mfalme. Yaani mahali pa Mungu palikuwa pameshapata mwenyewe mwingine. Na katika Danieli sura ya 3 tunakuta bendi kamili: baragumu, filimbi, vinubi, zumari. Kazi ya bendi ile ilikuwa moja tu, kutoa ishara ya watu wote kuanguka mbele ya sanamu ya mfalme. Muziki ulikuwa mzuri, na wapigaji walikuwa stadi. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakubishana na muziki wenyewe. Walikataa kuinama ulipopigwa. Kila mwalimu wa kwaya anayetunga wimbo wa kumpokea mgeni rasmi aisome sura hiyo kabla hajashika kalamu.

Na wimbo wa Mariamu tunaousoma katika Luka sura ya 1, tunaouimba kwa sauti nne na kuvaa joho, unasema habari ya wenye nguvu kushushwa katika viti vyao na wenye njaa kushibishwa. Binti yule wa Nazareti angeleta utenzi wake kwenye baadhi ya kamati zetu, nadhani angeambiwa aondoe ubeti huo.

Mwaka 1977

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Chukueni mwaka mmoja tu, 1977, na majirani zetu wawili.

Ng'ambo ya Mutukula, Idi Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971. Sisi wa Bukoba hatuwezi kusema Uganda ni nchi ya kigeni kwa imani yetu. Wahaya wa kwanza kuisoma Injili wengi waliipata kutoka Buganda, wakaisoma kwa Kiganda, na ule wimbo wa uamsho, Tukutendereza Yesu, bado tunauimba katika lugha uliyokuja nayo. Kampala alikuwapo mtunzi wa maigizo aitwaye Byron Kawadwa, mkurugenzi wa ukumbi wa taifa wa maigizo. Pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya aliandaa igizo la nyimbo juu ya Charles Lwanga, yule shahidi wa Namugongo. Aliandika pia Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo, igizo la mafumbo juu ya tamaa ya madaraka. Mwanzoni mwa mwaka 1977 igizo hilo lilipelekwa Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Liliiwakilisha Uganda, tena kwa heshima. Kawadwa aliporudi nyumbani, watu wa Amin walimchukua, naye akauawa.

Katika Februari ya mwaka huohuo maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mtunzi wa igizo na askofu mkuu, mwaka mmoja, mkono mmoja. Dikteta hakupoteza muda kutofautisha kati ya aliyesema kwa barua na aliyesema kwa jogoo. Alielewa jambo ambalo sisi tunalikataa, kwamba igizo nalo ni neno.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Robert Serumaga, mwigizaji na mtunzi wa Kampala, mwaka 1974 alitoa igizo liitwalo Amayirikiti, ambalo karibu lote lilichezwa kwa mwili bila maneno. Mkaguzi hawezi kukata sentensi ambayo haijatamkwa. Lakini hata yeye mwaka 1977 ilimbidi kuikimbia nchi.

Na sisi? Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Daraja la Kyaka lilivunjwa, na watu wa kaskazini ya mto Kagera wakauawa, wakaporwa, wakakimbia. Magofu ya kanisa pale Kyaka yanasimama hadi leo, na kila apitaye kwenda Karagwe anaweza kuyaona. Sisemi kwamba igizo moja lingeizuia vita ile. Nasema kwamba mtawala aliyefaulu kunyamazisha nyumba yake hakuishia mlangoni pake, na watu wa mkoa huu walilipa gharama hiyo kwa damu. Mkoa wenye kumbukumbu hiyo usingepaswa kuwa wa kwanza kuwaambia vijana wake wakae kimya.

Upande wa pili, Kenya. Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Wakacheza igizo la Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda, lililoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na wanakijiji wenyewe wakalirekebisha katika mazoezi. Lilianza Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kundi lilipojaribu tena na igizo jingine, serikali ilituma polisi kulibomoa jukwaa lile.

Igizo lile halikulisifu kanisa. Linamwonyesha mkulima Kiguunda, mwenye kishamba cha eka moja na nusu, anayeshawishiwa na tajiri mcha Mungu afunge ndoa ya kanisani. Ndoa ile inahitaji gharama, gharama inahitaji mkopo, mkopo unawekewa dhamana ya shamba, na shamba linakwenda. Wakristo wengi waliposikia habari hiyo walisema kwamba igizo linaitukana dini. Mimi naona linafanya kazi aliyoifanya Nathani. Kama jambo lile halitokei, igizo ni uongo, na uongo hufa wenyewe. Kama linatokea, mwenye kosa ni tajiri yule na mchungaji aliyemkalia kimya, na aliyelionyesha ametusaidia. Je, hapa kwetu hakuna harusi iliyouza kibanja?

Mambo haya si ya zamani tu. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, walifika Nakuru kwenye tamasha la maigizo ya shule na igizo lao Echoes of War. Walikuwa wamezuiwa, wakaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru waruhusiwe kucheza. Walipofika, mwandishi wa igizo lao alikamatwa, polisi wakatawanya watu kwa mabomu ya machozi, na ukumbi ukawa hauna watazamaji. Mabinti wale waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Watoto wa sekondari, wenye amri ya mahakama mkononi, na bado walionekana ni hatari.

Hapa nyumbani

Msomaji atasema: hiyo ni Uganda na Kenya, sisi ni Tanzania, nchi ya amani. Haya, tuje Tanzania.

Jumapili ya Machi 26, 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Kesho yake ikatangazwa kwamba Rais ameupenda wimbo huo, msanii aachiwe, wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Lakini fikirini vizuri. Kama wimbo ni kosa Jumapili na si kosa Jumatatu, kwa sababu tu mtu mmoja ameufurahia, basi hakuna sheria pale. Kuna furaha ya mtu mmoja. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, msanii Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, na walipopatikana baada ya siku kadhaa walikuwa na majeraha. Wale tuliowaita wahuni wa bongofleva ndio waliokuwa wakiuliza maswali. Kwaya zetu, mwaka huohuo, ziliuliza nini?

Tena tulikuwa na jambo la kuuliza, hapa mlangoni petu. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na michango ikakusanywa kutoka ndani na nje ya nchi. Baadaye walioangukiwa na nyumba waliambiwa kwamba serikali haitawajengea, kila mtu ajenge ya kwake, na sehemu kubwa ya michango ikaelekezwa kwenye majengo ya taasisi za umma. Inawezekana uamuzi ule una hoja zake. Lakini mjane aliyelala chini ya turubai alikuwa na haki ya kuuliza mbele za Mungu na mbele za watu. Nyimbo za tetemeko tulizoimba zilisema Mungu ametuonya tutubu. Sikumbuki hata mmoja ulioulizia michango.

Na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulitoka na damu. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Sitaki kubishana na mtu juu ya hesabu za waliokufa. Nauliza swali dogo la kanisa: Jumapili zilizofuata, kwaya yako iliimba nini? Mama aliyempoteza mwanawe na kuja ibadani alikuta wimbo gani wa kumbeba? Biblia ina kitabu kizima kiitwacho Maombolezo. Zaburi nyingi ni kilio na malalamiko. Sisi tumebaki na shangwe na spika kubwa, na mwenye kilio anasubiri hadi afike nyumbani ndipo alie.

Urithi wetu wenyewe

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba tunaukana urithi wetu. Wimbo wa kwanza ambao Martin Luther aliutunga kwa ajili ya watu haukuwa wimbo wa kupamba ibada. Julai 1523 watawa wawili vijana, Hendrik Vos na Johannes van Esschen, walichomwa moto Brussels kwa kuyashika mafundisho ya matengenezo. Luther akatunga wimbo wa kusimulia kisa chao na kuwataja waliowaua, ukaenea mjini na sokoni. Ndiyo kusema kwamba uimbaji wa Kilutheri ulizaliwa na wimbo wa kulaani mauaji. Anayetuambia kwamba kwaya ya Kilutheri haihusiki na mambo hayo hajui kwaya ya Kilutheri imetoka wapi.

Na mwaka uleule wa 1977, mwezi Juni, walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si suala la siasa tu ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana, bali linagusa ungamo la imani yenyewe. Rais aliyechaguliwa katika mkutano huo alikuwa Askofu Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, askofu wa dayosisi hii. Huko Afrika Kusini waliokuwa wakizikwa walizikwa kwa wimbo. Mmoja wa nyimbo hizo ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti. Wimbo huo ni Nkosi Sikelel' iAfrika, na sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wetu wa taifa. Kila mtoto wa shule ya msingi Kamachumu na Kashozi, anaposimama paredi asubuhi, anaimba wimbo wa kanisa uliogeuka kuwa wimbo wa wanaodai haki. Halafu akija kwaya ya vijana anaambiwa kwamba vitu hivyo havichanganyiki.

Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka, Taifa Letu, Amani Yetu. Ofisi ya serikali ikaandika barua kuwataka waufute, na baadaye waziri akaikana barua hiyo. Waraka ulibaki. Kwa hiyo viongozi wetu wameshasema. Lakini waraka husomwa mara moja, nao huwekwa kabatini. Wimbo huenda shambani, sokoni, kwenye mitumbwi ya wavuvi wa Bumbire na Goziba. Kama maaskofu wanaruhusiwa kusema, kwa nini kwaya izuiwe kuimba?

Wanaosema tunyamaze

Hoja ya kwanza ni Warumi 13: mamlaka yote yametoka kwa Mungu. Ni kweli. Lakini aliyeandika Warumi 13 ni Paulo yuleyule wa Matendo 16. Kule Filipi, yeye na Sila walipigwa bila hukumu, wakatiwa gerezani, na usiku wa manane wakaimba. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wawatoe kimyakimya. Paulo akakataa. Akadai kwamba waliompiga hadharani bila hukumu waje wenyewe wawatoe, nao wakaja. Wimbo wa usiku na dai la asubuhi vilitoka kinywa kimoja. Sisi tumeuchukua wimbo, dai tumeliacha.

Hoja ya pili ni amani. Yeremia aliwalalamikia wanaolitibu jeraha la watu juujuu na kutangaza amani mahali ambapo haipo. Amani inayodumu kwa sharti kwamba anayepigwa asilie ni ukimya tu, na ukimya una mwisho. Watu wa mkoa huu tunakumbuka ulivyoishia kaskazini mwetu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu: kwaya ikianza kukemea, kesho itakuwa tawi la chama. Hatari hiyo ipo. Wimbo wa kumsifu mgombea wa upinzani ni uleule wa kumsifu mgombea wa chama tawala, umebadilishwa jina tu. Ndiyo maana naweka mipaka. Wimbo au igizo la kanisa lisimwombee mtu kura. Lisiseme jambo ambalo watunzi hawana hakika nalo. Lisichochee chuki juu ya kabila au dini. Na lianze kwetu: kama litataja mnunuzi wa butura, litaje pia mzee wa kanisa anayefanya butura; kama litauliza michango ya tetemeko, liulize na hesabu za usharika. Nathani alimwendea mfalme wake mwenyewe, si mfalme wa Wafilisti.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti. Ni hofu: tutakosa mfadhili. Sina jibu la kuifuta hofu hiyo, kwa sababu ni ya haki. Huenda tutakosa. Naomba tu tuiite kwa jina lake, tusiivishe joho la Warumi 13.

Inavyowezekana

Wapo Wakristo waliokwisha kuifanya kazi hii mahali pagumu kuliko petu. Ufilipino, Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972. Magazeti yalifungwa, wapinzani wakajaa magerezani. Kundi la maigizo la PETA, lililoanzishwa mwaka 1967, lilizunguka likifundisha watu wa kawaida namna ya kutunga igizo kutokana na maisha yao. Katika kisiwa cha Mindanao watumishi wa kanisa walifanya kazi hiyohiyo vijijini, na mmoja wao, Karl Gaspar, alifungwa kwa miezi mingi kuanzia mwaka 1983. Hawakuhitaji kubuni hadithi mpya. Wafilipino wana desturi ya kuigiza mkesha wa Krismasi jinsi Yusufu na Mariamu walivyotafuta mahali pa kulala, wakipita mlango kwa mlango. Wasanii walichukua igizo hilo, wakawafanya Yusufu na Mariamu maskini wa Manila wa wakati wao. Hakuna mkaguzi aliyeweza kusema kwamba Injili ya Luka ni uchochezi. Na wimbo wa kizalendo Bayan Ko, uliotungwa zamani chini ya utawala wa Wamarekani, ukawa wimbo wa wote, hadi umati ulipojaa barabara kuu ya Manila Februari 1986, wengi wakiwa na rozari mikononi, na Marcos akaondoka.

Sisi tuna igizo la Krismasi katika kila mtaa. Tuna igizo la Ijumaa Kuu. Tuna vijana wenye vipaji na walimu wa kwaya wanaojua nota. Mababu zetu walikuwa na enanga, na mpiga enanga aliweza kusimulia mbele ya Omukama habari za wafalme na makosa yao. Hatukosi chombo.

Basi napendekeza mambo manne, na mabaraza ya wazee yayajadili. Kwanza, asitungiwe mtu aliye hai wimbo wa sifa ndani ya nyumba ya ibada, awe mgeni rasmi, awe mfadhili, awe askofu. Tumkaribishe kwa heshima, tumpe kiti na soda, tumshukuru kwa maneno. Pili, igizo la vijana lipimwe kwa maswali mawili tu: je, ni kweli, na je, linakubaliana na Neno? Swali la tatu, "nani atakasirika?", liondolewe kwenye kikao. Tatu, kila kwaya iwe na angalau wimbo mmoja wa maombolezo wa kwake, uliotungwa juu ya jambo lililotokea katika usharika wake, nao uimbwe wakati mwenye kilio yupo. Nne, kijana akiitwa kuhojiwa kwa ajili ya igizo ambalo wazee waliliruhusu, wazee waende naye. Wakae naye kwenye benchi. Si haki kuwaachia watoto wa miaka kumi na saba mzigo ambao Yeremia aliubeba akiwa mtu mzima.

Mungu alimwambia Hezekieli, katika sura ya 33, kwamba kwa watu wake yeye amekuwa kama mwimbaji mwenye sauti tamu na chombo kizuri: wanamsikiliza, wala hawatendi. Kwa miaka mingi tumejitahidi kuwa na sauti tamu, na tumefaulu. Msimu huu wa kahawa, vijana wa usharika ule wa Muleba wakiomba kulicheza igizo lao tena, wapeni jukwaa, na mnunuzi arudishwe mahali pake.